Kifungu cha Gari la Maiti

Jumatatu, 3 Juni 1991

Leo wamemvunja Jelagat taya.

Saa nne asubuhi. Lori la bluu, tupu, likitoka upande wa Mumias. Jelagat amesimama nje na kitabu cha tiketi, mimi niko ndani ya kibanda cha ushuru. Wanzala, askari wetu wa geti, ameshusha geti vizuri kabisa. Dereva akapunguza mwendo, akatabasamu — niliona mpaka pengo lake! — halafu akakanyaga mafuta. Geti letu ni mti wa mkaratusi tu, umefungiwa debe la mawe upande mmoja. Mti ukaruka, ukazunguka, ukampata Jelagat hapa chini ya sikio. Sauti ile! Kama mtu anavunja muwa kwa goti.

Meno matatu kwenye lami. Nimeyaokota mwenyewe nikayafunga kwa tiketi. Sijui kwa nini. Daktari atayafanyia nini?

Hii ni mara ya nne tangu Pasaka. Ya kwanza walinitemea mate. Ya pili jiwe, dirisha likaenda. Ya tatu walimburuta Wanzala, mkono umenaswa mlangoni, hatua ishirini. Na supavaiza wetu Bwana Osundwa anasemanga tu, vumilieni, watu bado hawajazoea kulipia barabara. Avumilie yeye! Yeye anakujanga Ijumaa, anachukua mfuko, anaenda.

Nina hasira mpaka chai haishuki.

Jumatano, 5 Juni

Kumbe kuna mswada! Osundwa ameuleta leo, kurasa sita zimepigwa taipu. Kamati ya barabara ya baraza inataka kutunga sheria ya usalama wa vituo vya ushuru. Geti la chuma. Ukuta wa kumkinga karani. Askari wa geti aruhusiwe kumkamata dereva na kumfunga pingu. Na kifungu cha tisa — nimekisoma mara mbili kwa raha — ubao wa misumari wa kuvutwa barabarani mbele ya gari linalokataa kusimama. "Gari lolote, isipokuwa la polisi, la wagonjwa, au lililobeba maiti."

Wanataka maoni ya wafanyakazi kwa maandishi. Mkutano ni Kakamega mjini, tarehe 25. Osundwa akaangalia huku na huku. Jelagat yuko wodini na waya mdomoni. Wanzala kalamu anaishikanga kama jembe. Akasema, basi Mideva, wewe ndiye karani, andika.

Nitaandika. Nitaandika mpaka wachoke kusoma.

Jumamosi, 8 Juni

Tumefanywa wajinga mchana kweupe.

Kila mtu hapa Shianda anajua maiti halipi. Ukiona gari lina matawi mbele na kitambaa chekundu, watu wanaimba nyuma, unainua geti mapema kabla halijafika. Unavua kofia. Unainamisha kichwa mpaka lipite. Hakuna aliyetufundisha hayo kazini, tumelelewa hivyo. Wanzala anasema kwao, ukimsimamisha mtu anayepelekwa kulala kwao, hasira yake anakuachia wewe.

Leo ni Jumamosi, siku ya mazishi. Pikapu imekuja na matawi, kitambaa, wimbo wa kanisa sauti tatu. Wanzala akainua geti. Nikainamisha kichwa, tena naitikia wimbo. Ilipofika usawa wa kibanda turubai likafunuliwa — magunia ya sukari! Na wanaume wanne wanacheka mpaka wanashikana. Mmoja akanimwagia chupa usoni. Mkojo. Mkojo, jamani! Na mdomo wangu ulikuwa wazi kwa ajili ya Bwana Yesu.

Nimesugua ulimi kwa sabuni ya kufulia. Bado.

Wanzala hakucheka. Aliketi kwenye debe lake, akasema polepole, sasa hata maiti wametuharibia.

Jumatatu, 10 Juni

Maoni nimemaliza. Kurasa tatu. Jelagat na meno yake nimemweka juu kabisa.

Kifungu cha tisa nimekifyeka. Nimekata "au lililobeba maiti" kwa mstari mwekundu. Nimeandika: "Gari lolote linalokataa kusimama, bila kubagua. Maiti wa kweli hana haraka."

Nimempenda huyo aliyeandika hivyo! Nimejisomea kwa sauti kibandani kama mwehu.

Halafu nikamsomea Wanzala. Akasema, Mideva, toa hiyo.

"Sitoi. Ulimwagiwa wewe?"

"Dereva wa maiti hatasimama. Si kiburi. Hajui kusimama. Tangu nizaliwe tunamwinulia."

"Atajifunza."

"Atajifunza na nini? Nani atamwambia?"

Nikamwambia huruma yake ndiyo imemvunja Jelagat taya. Uongo — lile lori halikuwa na hata jani moja. Lakini nilisema. Akaenda kukaza kamba ya geti ambayo haikuwa imelegea.

Osundwa alisoma jioni akacheka mpaka akashika meza. Ati hiyo ya haraka wataipenda sana.

Alhamisi, 13 Juni

Osundwa hangoji sheria. Ameleta ubao wa futi kumi na misumari ya inchi sita. Ati mswada utapita tu, sisi tuanze kuzoea. Wanzala ndiye ameigonga, mmoja mmoja, mchana mzima. Tumeubatiza "kitana".

Mpango ni huu. Kitana kinalala kwenye majani upande wangu. Kamba inavuka barabara, Wanzala ameishika akiwa mtaroni ng'ambo. Kutoka mtaroni haoni gari mpaka lifike, miwa imemziba. Mimi naona. Kwa hiyo nikiinua mkono, anavuta. Nisipoinua, havuti.

Osundwa akarudia mara mbili: mkono wa Mideva. Hakuna karatasi. Nilimuuliza, bwana, hii imeandikwa wapi? Akasema, imeandikwa na wewe, si ndiyo?

Jumanne, 18 Juni

Tumempata mmoja!

Lori la mbao. Halikupunguza hata kidogo. Nikainua mkono, kitana kikatoka kwenye majani kama nyoka, magurudumu mawili ya mbele — paa! paa! — likaenda likakaa mtaroni. Watu wa soko wakaja mbio. Dereva akatolewa kwa dirisha. Wakamvua viatu. Wakampiga na vipande vya mbao zake mwenyewe. Analia ati ana watoto. Jelagat hana watoto?

Mimi pia nilienda. Nilimpiga teke la mbavu. Moja, halafu la pili. Kiatu changu cha kanisani, chenye ncha. Nilihisi ubavu ukikubali.

Wanzala ndiye aliyesema basi. Alimlalia juu yule mtu, akapigwa yeye mgongoni mara mbili tatu kabla hawajaacha. Baadaye alikunywa chai yake ng'ambo.

Nilifurahi. Naandika ukweli hapa, nitamwandikia nani uongo? Nilifurahi sana na usiku nikala obusuma sahani mbili.

Ijumaa, 21 Juni

Ilikuwa maiti wa kweli.

Jumamosi, 22 Juni

Nisipoandika nitapiga kelele.

Ilikuwa saa nane mchana jana. Pikapu nyeupe, matawi mbele, kitambaa chekundu. Wanaimba. Nyuma turubai limefunika kitu kirefu, watu wamekaa pembeni yake. Nilitafuta magunia kwa macho. Nikasema hawa ni wale. Hawa ni wale wale! Nikatoka nje, nikanyoosha kiganja wasimame. Dereva akanipungia mkono, kunishukuru. Kunishukuru! Alidhani tunamwinulia geti. Wala hakuongeza mwendo. Alikuja tu, kama wanavyokujanga.

Niliinua mkono.

Wanzala hakuvuta. Alikuwa amesikia wimbo. Akainua kichwa juu ya mtaro, akaniangalia. Ningeshusha mkono. Kulikuwa na muda, naapa kulikuwa na muda wa kushusha. Nikapiga kelele, "Vuta! Vuta, ama wewe ni mwanamke!"

Akavuta.

Pikapu haikuruka. Ililala tu ubavu, polepole, kama ng'ombe, halafu ikaburutika. Jeneza likatoka na kuteleza kwenye lami mpaka kwenye mlango wa kibanda changu. Kifuniko kilifunguka. Mzee, suti ya kahawia, pamba puani. Mzee Phanuel wa huko mbele ya Navakholo. Na kijana wake Wesley, aliyekuwa amekaa nyuma amemshikia baba jeneza lisitikisike, alikuwa chini ya ubavu wa gari. Miguu tu ndiyo ilionekana. Soksi moja. Mama yake, Mama Khalayi, alikuwa mbele na dereva. Alitoka na damu kichwani, akazunguka gari, akaona miguu. Hakulia. Alishika ile soksi akaanza kuivuta juu vizuri, kama anamvalisha mtoto wa shule.

Halafu lori la waombolezaji likafika nyuma yao.

Walimkuta Wanzala na kamba mkononi. Hakuiachilia, mjinga yule, hakukimbia! Walimpiga na mawe, wakampiga na matawi yale yale ya mazishi, halafu mmoja akainua kitana. Sikuangalia. Nilikuwa nimejifungia kibandani chini ya meza, nimeuma kitambaa cha kichwa. Lakini nilisikia, na misumari ikiingia kwenye mtu haisikiki kama ikiingia kwenye gurudumu.

Hakuna aliyegonga mlango wangu; waliokuwa mbele ya pikapu walidhani mkono wangu ulikuwa wa salamu. Wanawake waliniona kwenye dirisha wakasema, pole dada, umeona unyama huo?

Jumapili, 23 Juni

Sikuenda kanisani.

Wanzala yuko hai. Jicho la kulia hakuna. Mkono wa kulia haijulikani kama utapona.

Osundwa alikuja kwangu asubuhi, kabla sijafagia. Kasimama mlangoni, hakutaka kiti. Anasema hakuna aliyeagiza kitana. Mswada ni karatasi tu, haujawa sheria, nani angeagiza kitu ambacho si sheria? Askari aligonga misumari mwenyewe, akavuta mwenyewe. Watu wote waliona kamba mkononi mwake. "Na wewe Mideva ulikuwa ndani unakata tiketi. Ama?"

Nilisema ndiyo.

Alisema nina akili.

Mchana nikaenda polisi nikaandika stetimenti. "Nilikuwa ndani. Nilisikia kishindo. Sikuona." Mistari minne. Polisi akasoma, akasema siku hizi ni wachache wanaoandika kwa kueleweka.

Jumanne, 25 Juni

Mkutano ulifanyika. Nani alifikiri hawataufanya? Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Makarani wa vituo vingine, madereva, wakulima wa miwa, na safu tatu za watu wa Mama Khalayi, wamenyoa vichwa. Yeye mwenyewe mbele, bandeji kichwani.

Mwenyekiti wa kamati ni Diwani Wangila, mtu mzito, anasoma kila kitu kama anasoma Injili. Akaanza na maoni ya wafanyakazi wa Shianda. Nilidhani atayaruka! Hakuyasoma kabla, naona. Akasoma Jelagat, akasoma mate, akasoma mawe. Watu wakaguna. Akafika kifungu cha tisa. "Bila kubagua." Akageuza ukurasa. "Maiti wa kweli hana haraka."

Alisikia mwenyewe alichosoma. Akavua miwani.

Halafu mzee mmoja akasimama na kiti alichokuwa amekikalia, akakirusha jukwaani. Kikampata karani wa kamati kwenye paji la uso. Viti vikafuata. Madereva wakawageukia makarani, mtu akanishika nywele, akanigonga kwenye ukuta, nikauma kidole cha mtu mpaka nikaonja chumvi. Polisi wakapiga kila aliyekuwa karibu.

Kulipotulia, Diwani, shati limechanika, akauliza kwa spika: nani aliandika hii?

Osundwa alikuwa safu ya mbele. Hakugeuka hata kuniangalia. "Ni yule askari, mheshimiwa. Wanzala."

Wanzala! Mtu anayeweka kidole gumba kwenye karatasi ya mshahara!

Watu wote wa Shianda waliokuwa pale wanajua hajui kuandika. Makarani wanajua. Tulikuwa tumesimama karibu ishirini. Tuliangalia viatu vyetu. Na Mama Khalayi akaomba aandikiwe jina hilo kwenye kipande cha karatasi, kwa sababu anataka kulikumbuka. Diwani akamwandikia.

Jumatano, 26 Juni

Naliaka, mke wa Wanzala, alikuja. Ametoka hospitali. Nilimwekea chai hakugusa.

"Shemeji anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi. Polisi wamekaa kitandani kwake siku mbili. Wanamuuliza nani alitoa ishara, anasema hakumbuki. Mimi mwenyewe nimemuuliza mara tatu." Akaniangalia. "Mideva, mume wangu hakai mtaroni kuotea magari. Kuna mtu alimwambia vuta."

Nikasema Osundwa ndiye mwenye mambo yote hayo. Ambayo ni kweli. Nusu.

Alinipiga kofi. Halafu la pili, kwa nyuma ya mkono, pete ikanikata mdomo. Nilingojea la tatu. Nilitaka la tatu. Akaketi chini akafunika uso na leso, akasema Ijumaa wanamtoa wodini kumpeleka rumande, na akifika huko na jicho moja watammaliza, kuna watu wa Navakholo mle ndani.

Alipoondoka nilimwaga ile chai.

Ijumaa, 28 Juni

Niko kibandani. Osundwa alituma ujumbe nifungue kituo leo, ati tusionekane tunaogopa. Yeye hajafika. Nimekuja saa moja nikawakuta watu wa Mama Khalayi tayari wako hapa.

Wanachimba kaburi barabarani.

Mzee Phanuel walimzika kwao Jumatatu. Wesley wamemleta hapa. Jeneza liko kwenye viti viwili, mbele ya geti, na wanaume sita wanavunja lami na sururu. Hakuna gari linalopita. Trekta za miwa zimepanga mstari mpaka sioni mwisho, na dereva mmoja aliyepiga honi wamemshusha, kichwa chake kinavuja hapo kando, hakuna anayemwangalia. Polisi wamesimama mbali. Wanasema Wesley atalala hapa na magari ya baraza yatapita juu yake kama yanaweza.

Sikukimbia. Ningekimbilia wapi? Na ni kama hawanioni. Mmoja alikuja kuomba maji, nikampa mtungi.

Halafu Mama Khalayi akaja dirishani. Bandeji imetoka, kuna mshono. Amebeba msalaba wa mbao mpya na kopo la rangi nyeusi. Akaniita mukhana wanje, msichana wangu. Alisema vijana wake wana mikono ya kuchimba lakini si ya kuandika, na hapa getini ameona bango langu la bei, limesomeka vizuri. Nimwandikie mtoto wake.

Nilisema ndiyo, Mama.

"Andika Wesley Khisa. Alizaliwa 1969. Halafu hapa chini andika aliuawa na nani. Jina zima. Kila dereva alisome akipita." Akatoa kifuani ile karatasi ya Diwani, imekunjwa ndogo. "Lakini wewe ulifanya kazi naye. Unalijua vizuri kuliko wao. Waliandika sawa?"

Nikasema ngoja nipime herufi kwanza kwenye daftari, ubao ni mwembamba, zisije zikajaa. Kwa hiyo ananiona naandika. Anadhani napima.

Wakiweka jina la Wanzala barabarani, hata kortini hana haja ya kufika. Leo ndiyo wanamtoa wodini. Barabara ya kutoka hospitali kwenda rumande ni hii. Itabidi wamzungushe ama wamsimamishe hapa, mbele ya shimo, na watu mia mbili wenye sururu.

Na nikiweka lile lingine, langu, hawana mbali pa kwenda. Mlango huu una komeo moja la waya.

Nimechukua msalaba. Nimeulaza juu ya tiketi. Nimeandika WESLEY KHISA, imekaa vizuri. Nimeandika 1969–1991. Nimeandika ALIUAWA NA. Rangi inakauka haraka kwa jua hili, brashi ina nywele zinazotoka.

Wamemaliza lami, sasa wamefika kwenye udongo, sururu zimebadilika sauti. Mtu anasema gari la polisi limeonekana huko kwenye kona, upande wa hospitali, la kijani, linakuja polepole. Wanaume wanatoka shimoni.

Mama Khalayi amegonga kioo kwa kidole kimoja. Taratibu, kama mgeni. "Umefika wapi, msichana wangu?"

Nimemwambia nimefika kwenye "na".